Sarafu zenye mimea ya chakula: nani alilima, nani alikula?

Maneno ya komite kwa wanachama na wafadhili, yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu Mulekera, mjini Beni, mbele ya kugawa mikopo ya msimu

 

Wengi mmeuliza juu ya nini leo komite imeweka sarafu kwenye meza, na sisi tuko hapa kupanga mikopo ya mashamba. Tutajibu. Lakini kwanza tukumbushe swali lenye kutuleta. Kese yetu ya pamoja iko na feza ya msimu mmoja. Wanachama wengi waliorudia mashamba yao wanaomba mkopo wote uende kwenye kakao. Wengine wanasema sehemu moja ibakizwe kwa mbegu za chakula: maharagi, mahindi, muhogo, ndizi. Tulibishana juu ya jambo hili katika mikutano iliyopita, na hatukumaliza. Leo tunataka kumaliza, na hizi sarafu zitatusaidia kuwaza.

Ziko hapa kwa namna hii. Wenzetu waliokimbilia Uganda, wale wa Kyangwali, wa Kyaka na wa Nakivale, walipopanga kurudi walibadilisha noti zao. Lakini feza ya chuma watu wengi wenye kubadilisha hawaitaki, ni nzito na faida yake ni kidogo. Basi ikabaki mifukoni, ikafika nayo mpaka hapa. Watoto wakaanza kuuliza: huyu mnyama ni nani, hiki ni kitu gani? Tukaweka zote katika kopo moja. Halafu wafadhili waliposikia, wakatuongezea za kwao na za inchi walizotembelea. Ili kopo lisiwe takataka tu, tukachagua kanuni moja: tunatunza sarafu zenye mmea unaolimwa, wa kula ao wa kuuza. Hakuna hata moja yenye bei kubwa. Lakini kila moja inasema inchi fulani ilijivunia nini, na sisi wakulima tunaweza kuisoma.

Kwanza, za kwetu

Tuanze na hii yenye mungazi. Ni franka moja ya wakati wa Wabelgiji, ya aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1920 na 1930. Upande mmoja kuko kichwa cha mfalme Albert. Upande mwingine kuko mungazi, mti wetu wa mawese. Maandishi yake ni ya Kifaransa, na kuko nyingine kama hii yenye maandishi ya Kiholanzi. Lugha ya mtu aliyepanda juu ya mungazi kukata kichane, hiyo haikuandikwa. Mungazi ulirudi tena kwenye sarafu za miaka ya 1950, zile zenye majina ya Kongo na Ruanda-Urundi pamoja.

Ule mti uliwekwa pale kwa sababu ulikuwa feza kweli. Mwaka 1911 kampuni ya Mwingereza Lever ilipewa maeneo makubwa ya mingazi katika Kongo ili kutengeneza sabuni Ulaya. Na kuanzia mwaka 1917 serikali ya koloni iliweka sheria ya mazao ya lazima. Pamba ndiyo inakumbukwa zaidi: mkulima analazimishwa kulima, bei inapangwa na wengine, na akikataa anaazibiwa. Wazee wetu walisimulia ile mambo. Kwa hiyo, mmea kuonekana kwenye sarafu haimaanishi kama aliyeulima alishiba. Ndiyo maana tukiokota sarafu yenye mmea, tumejizoesha kuuliza maswali mawili: nani alilima, na nani alikula?

Baada ya uhuru, sarafu zetu zilibadilika. Tarehe 23 mwezi wa 6, 1967, franka iliondolewa, ikaingia zaire, na zaire moja ikagawanyika katika makuta 100. Kutokea pale mpaka leo wengi wetu tunasema «makuta» tukitaka kusema feza, hata kama likuta yenyewe ilikufa zamani. Sarafu za miaka ile zilibeba chui na kichwa cha Mobutu. Shamba halikuonekana sana.

Na leo? Leo katika soko letu hakuna sarafu hata moja ya Kongo. Tunatumia noti na dola. Lakini angalieni noti mbili tulizozitia katika karatasi ya plastiki. Ya kwanza ni senti moja ya mwaka 1997, ya wakati franka iliporudi. Iko na picha ya mwanamke anachuma kahawa, na nyuma yake mlima Nyiragongo. Ya pili ni ya franka 200, iko na wakulima wanafanya kazi shambani. Hatusemi kama kuna aliyefanya kwa ubaya. Lakini muone wenyewe: mama mwenye kuchuma kahawa alipewa noti iliyo ndogo kuliko zote, na vijana wengi hapa hawajawahi kuiona. Noti ikiisha nguvu, picha yake inatupwa nayo. Jembe la yule mama haliishi nguvu namna ile.

Za majirani

Tuvuke Kasindi. Sarafu za Uganda zilizojaa kopo letu, ile ya shilingi 50 yenye swala na ile ya 100 yenye ng'ombe wa pembe ndefu, ziko na nembo ya taifa upande mwingine. Ukitumia lenzi utaona chini ya ngao matawi mawili: la kahawa na la pamba. Kenya wamefanya vilevile. Kwenye nembo yao, chini ya miguu ya simba, kuko kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi na nanasi. Wakenya wengi walibeba mahindi na mananasi mfukoni miaka mingi bila kuyaona, sababu ni madogo sana.

Unguja, mwaka 1908, wakati wa Sultani Ali bin Hamud, walitengeneza sarafu zenye mnazi. Hizo hatuna, ni za shida kupata. Tunazitaja tu ili mjue kama wazo la kuweka mti kwenye feza si la leo katika pembe hii ya Afrika.

Sasa tufike kwenye zile zinazoleta maneno. Wako wanachama waliotuuliza: juu ya nini tunatunza sarafu za Rwanda, na tunajua namna mioyo ya watu inavyojisikia katika Kivu yetu siku hizi? Tunalisikia lile swali, na hatulizarau. Shirika letu si la siasa, na kutunza sarafu si kupenda serikali yoyote. Tunazitunza kwa sababu zinasema jambo ambalo mkulima wa Beni anaweza kulitumia. Angalieni za mwaka 2003. Franka moja iko na mtama. Franka 5 iko na kahawa. Franka 10 iko na mgomba. Franka 20 iko tena na kahawa. Franka 50 iko na hindi. Zipange katika mstari mmoja hapa mezani: kahawa ya kuuza iko pamoja na mtama, ndizi na mahindi ya kula. Na ile kubwa katika mstari huu ni hindi, chakula cha nyumba. Zao la soko halikufukuza zao la chungu. Hilo ndilo tunataka mkumbuke, tutalirudilia.

Kakao

Hapa ndipo mlikuwa mnangojea. Kuko sarafu ya kakao? Iko. Ghana, sarafu yao ya pesewa 20 ya mwaka 2007 inaonyesha tunda la kakao limepasuliwa, mbegu zinaonekana ndani. Na hata zile za miaka ya 1960 zilikuwa na kakao. Nijeria vilevile: mwaka 1973 walitoa kobo 5 yenye kakao, kobo 10 yenye mingazi, na kobo 25 yenye karanga zilizopangwa kama mlima.

Lakini Ghana nao si wenye kakao ya asili. Mti huu ulitoka Amerika. Waghana wanamkumbuka Tetteh Quarshie, fundi aliyeleta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879, akazipanda kwao. Na kule mti ulikotoka, katika inchi inayoitwa leo Meksiko, mbele ya Wahispania kufika, punje ya kakao yenyewe ilikuwa feza. Ulikuwa unaenda sokoni na punje, unarudi na chakula. Na hata wakati ule walikuwako wadanganyifu: walitoboa punje, wakatoa kiini, wakajaza udongo, wakaziba. Kwa hiyo tunapowaambia wanachama wasichanganye kakao iliyooza na nzuri, wasiuze iliyoanikwa nusu juu ya barabara, si mambo mapya. Mnunuzi amekuwa anachunguza punje tangu punje ilipokuwa sarafu.

Kakao ilitusaidia, hatuwezi kukana. Kahawa ya robusta iliposhambuliwa na ugonjwa wa kunyauka, ule uliokausha mashamba mengi ya upande huu wa Kongo katika miaka ya 1980 na 1990, watu wengi wa Beni waling'oa mibuni wakapanda kakao. Shule za watoto zimelipwa na kakao. Nyumba za mabati zimejengwa na kakao. Na mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani moja, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kila mtu akasema: panda kakao, panda kakao. Mwaka uliofuata bei ikashuka sana. Yule aliyekopa wakati bei iko juu, deni lake halikushuka pamoja na bei.

Na sisi tuko na jambo lingine ambalo mkulima wa Ghana hana. Tangu mwezi wa 10, 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, shamba limekuwa mahali pa kufia. Watu wengi wameuawa wakiwa wanavuna. Kakao inakutaka uende mbali, ukae siku nyingi, uvune, upasue, uchachushe, uanike. Mara nyingine mtu anakimbia akiacha magunia, anayekuja kuyabeba si yeye. Ndiyo maana wengine kati yetu, mtu akiwa hana kitu cha kula nyumbani, anakubali kuchukua feza ya mnunuzi mbele ya mavuno, kwa bei anayoipanga mnunuzi. Anauza kakao ingali maua. Hafanyi hivyo kwa ujinga, anafanya kwa sababu watoto wana njaa leo, na kakao italipa kiisha miezi.

Sarafu za chakula

Angalieni sasa kundi hili dogo. Mwaka 1968, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, linaloitwa FAO, lilianza kuomba inchi zitengeneze sarafu zenye kukumbusha watu juu ya chakula. Inchi nyingi za dunia zilikubali. Alama ya FAO ni suke la ngano na maneno mawili ya Kilatini, Fiat panis, maana yake: mkate uwepo. Mpango ule ulifanya mkulima mdogo aingie katika mfuko wa kila mtu.

Zambia walitoa ngwee 50 mwaka 1969, iko na hindi. Majirani wao wa Malawi, sarafu yao ya tambala 10 ya mwaka 1971 iko na mahindi vilevile. Gambia, tangu 1971, sarafu yao ndogo kuliko zote, butut moja, iko na karanga. Gambia inalima karanga nyingi kuliko kitu kingine, na karanga unaweza kuuza, lakini mwaka ukiwa mbaya unaweza pia kula.

Na hii ndiyo wengi wa komite tunaipenda zaidi. Ni franka 50 ya inchi za Afrika ya Magharibi zinazotumia franka moja, ilianza 1972. Pembeni ya hesabu 50 wamemwaga mchanganyiko wa vyakula: maharagi, nafaka, karanga, mbegu za namna mbalimbali, sawa vile mama anamwaga kwenye lungo ili achague mawe. Hakuna zao moja lililokaa peke yake kama mfalme. Inchi nyingi, chakula kingi, sarafu moja.

Mmea unaweza kupotea

Kuko sarafu moja hatuna, na hatutakuwa nayo, iko katika majumba makubwa ya makumbusho. Zamani za Wagiriki, katika Libya ya leo, kulikuwa mji Kirene. Watu wake walitajirika kwa mmea mmoja unaoitwa silfio, uliotiwa katika chakula na kufanywa dawa. Wakauchora kwenye sarafu zao. Lakini watu waliuchuma, mifugo ikaula, haukukubali kupandwa shambani, na ukaisha. Mwandishi Mroma Plinio anasema kama katika siku zake ulipatikana shina moja tu, likapelekwa kwa mfalme Nero. Leo ule mmea unajulikana zaidi kwa picha yake kwenye sarafu. Mji uliotegemea mmea mmoja ulibaki na picha.

Sisi tumekwisha kuonja ile mambo. Robusta yetu ilinyauka. Ndizi nazo: tangu 2001 ugonjwa wa kunyauka wa migomba umejulikana katika Kivu ya Kaskazini, na mnajua namna mtu anaamka anakuta mgomba unatoa usaha wa manjano, na ndizi zinaiva mbele ya wakati zikioza. Hakuna aliyetuahidi kama kakao haitapatwa.

Basi tunaomba nini

Komite haisemi tung'oe kakao. Haitatokea mtu wa kusema hivyo katika mkutano huu na kutoka salama! Tunachoomba mpige kura juu yake ni mambo matatu.

La kwanza: katika kila mkopo wa mwanachama anayerudia shamba, sehemu moja itolewe kwa mbegu, si kwa feza. Maharagi yanaivaa kiisha miezi mitatu hivi, mahindi kiisha minne. Lengalenga inaliwa mbele ya mwezi wa pili. Kakao mpya inangojea miaka mitatu ao minne. Mwenye maharagi katika nyumba anaweza kumwambia mnunuzi: ngoja, sitauza leo.

La pili: mbegu za chakula zipandwe kwanza katika mashamba yaliyo karibu na mji, na kazi ifanywe kwa makundi, sawa vile tulivyopatana juu ya usalama. Mtu asiende peke yake. Wajane na wazee wasio na shamba la karibu watapata mistari katika shamba la shirika.

La tatu: mwenye kupewa mbegu arudishe mbegu kiisha mavuno, kipimo kwa kipimo na kidogo juu yake, ili jirani wa nyuma apate. Likelemba ya feza tunaijua. Hii ni likelemba ya maharagi.

Kwa wafadhili wetu: mlitupatia vitu vingi, na sarafu mlizozituma zimefundisha watoto wetu ramani kuliko karatasi yoyote. Lakini mwaka huu, mkiwa na nafasi ya kutuma kitu kimoja tu, tumeni msaada wa mbegu na majembe. Sarafu zitangoja. Na mkiendelea kutuma sarafu, tumeni za kawaida, zenye kuzunguka sokoni, zenye mmea juu yake. Msinunue za bei kwa ajili yetu.

Wanachama wengine walipendekeza tuuze kopo hili ili tuongeze kese. Tuliulizia, na jibu ni rahisi: sarafu za kawaida hazina bei ya maana. Tukiziuza zote hatutapata hata mbegu za familia chache. Zikibaki, zinafundisha. Kwa hiyo tunaomba vijana wanaozitunza wafuate kanuni hizi. Msizisugue na mchanga, wala limau, wala majivu ili zing'ae, kwa sababu sarafu iliyosuguliwa inapoteza sura yake, na hairudi. Zishikeni kwa ukingo, si kwa uso. Zitunzwe mahali pakavu. Na katika daftari mwandike kwa kila moja: inchi, mwaka, mmea, na ilifika hapa kwa njia gani. Hilo la mwisho ndilo linatuhusu zaidi. Mia ya Uganda inapatikana kila mahali, lakini mia iliyotembea kutoka Kyangwali mpaka Mulekera katika kitambaa cha mama mmoja ni yetu peke yetu.

Tunamaliza kwa kuwapa kazi. Sarafu zitapita kwenu, mstari kwa mstari. Kila mtu aangalie moja, amwambie jirani yake ni mmea gani, na kama kwao wanaulima. Halafu tutahesabu mikono juu ya yale mambo matatu. Karatasi ya mbegu iko kwa katibu, wenye kutaka maharagi ya msimu huu waandikishe majina mbele ya kutoka.